Ukurasa Uliozidisha Salamu

Nilirudisha funguo za ofisi siku ya Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikajikuta nimevaa viatu vya kazi, nimesimama mlangoni, sina pa kwenda. Mume wangu alinitazama akasema, "Rodah, kama unatafuta kuajiriwa, kuku wako nyuma ya nyumba." Nikavua viatu. Hapo ndipo nilipokumbuka ahadi niliyowapa nyinyi vijana wa ofisini, mliponiuliza huku mkimaliza keki yangu ya kuagwa: "Mama, zamani mlikuwa mnapandishaje tovuti ionekane juu mtu akitafuta, na hata hizi injini za sasa hazikuwepo?" Basi nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Havikusisimua hata wakati ule.

Sikuanza na kompyuta. Nilikuwa opereta wa simu mjini Kericho, siku zile mtu wa Kaplong akitaka kuzungumza na mtu wa Nakuru lazima apitie masikioni mwangu kwanza. Siku ya kwanza nilikalishwa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, nikavishwa spika za kichwani ambazo bado zilikuwa na joto la mwenzangu wa zamu iliyopita. Aliyekabidhiwa kunifunza ni Bwana Nyakundi, Mkisii mrefu, mpole, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa jua liwake, mvua inyeshe. Na Kericho mnaijua: mvua haikuulizi, ikifika mchana inaingia kazini.

Simu yangu ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja mwenye sauti kubwa. "Nipe yule wa dawa za ng'ombe!" Nikamjibu kwa adabu yote niliyofunzwa, "Tafadhali mzee, taja jina na nambari." Akanitukana mimi na ukoo wangu, akakata. Bwana Nyakundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Binti, huyo mzee hana jina wala nambari. Ana ng'ombe aliyelala chini na hainuki. Anayetafuta hajui wewe unaitwa nani. Anajua shida yake. Unganisha shida na dawa, maswali yatafuata." Mzee alipopiga tena nikampeleka moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo Sotik. Maneno hayo ya Nyakundi ndiyo yamenilisha maisha yangu yote. Mengine yote mnayolipia kwenda kuyasikiliza hotelini, mkapewa na mfuko wa karatasi wenye kalamu, ni mchuzi tu.

Mitambo ya kujipigia simu ilipofika, tukaambiwa asanteni kwa kazi njema. Nililia siku mbili hivi, nikaenda nyumbani kuchuma chai ya mama. Chai yenyewe ilinionyesha kwamba mikono yangu ilikuwa imezoea nyaya. Haukupita muda mrefu, Nyakundi akanitumia ujumbe. Alikuwa amekodi chumba juu ya duka la gambuti, vile viatu vya mpira vya mvua, karibu na soko la Kericho, akanunua kompyuta ya mtumba, printa, na modemu ya kuiunganisha na laini ya simu. "Njoo tuunganishe watu tena," aliniambia. "Safari hii hakuna nyaya za kuchomeka, ila kelele ni zilezile." Na kweli, modemu ile ikianza kazi ililia hadi wanunuzi wa gambuti chini wakawa wanatazama juu.

Tulianza kwa kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kisha imeili ikaja, na baada ya imeili, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, watu wakaanza kutaka kurasa kwenye intaneti. Kutengeneza kurasa nilijifunza kwa kitabu kilichotolewa fotokopi, na aliyekitoa aliishiwa karatasi kabla ya mwisho. Mpaka leo sijui kitabu kile kiliishaje. Kazi yote ya mtandao tuliifanya asubuhi, kwa sababu mvua ya mchana ikishaanza, laini ya simu ilikuwa inakwaruza na kukata, na ukurasa uliofika nusu unabaki nusu.

Kuhusu kupandisha tovuti, sikilizeni. Injini za kutafutia zilikuwa nyingi, kila moja na akili zake. Moja ilisoma mistari ya juu ya ukurasa, ikachoka hapohapo. Nyingine ilihesabu neno limetajwa mara ngapi. Nyingine hazikuwa injini hata kidogo, zilikuwa orodha zinazopangwa na watu, unawaandikia unaomba wakuweke, unangoja. Mwenye hoteli mmoja alikuja kutuomba tumwandikie neno "hoteli" mara mia, kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, injini ione lakini wageni wasione. Nyakundi alikataa. "Huo ni uchawi wa kuzika kitu mlangoni kwa mtu," akasema. "Siku kikifukuliwa utasema nini?" Yule bwana aliondoka amekasirika, akatafuta mwingine wa kumzikia.

Sasa nifike kwa kazi ambayo sijaisahau.

Kulikuwa na kliniki ndogo ya kanisa upande wa Kapkatet, ya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Wachanga walinyooshwa taratibu kwa kufungwa plasta na sista wa hapo. Wakubwa walihitaji kupasuliwa, na daktari mzungu aliyekuwa akija kuwapasua alikuwa ameugua, amerudi kwao moja kwa moja. Kamati ya kliniki iliamua kutafuta mwingine kwa intaneti, maana mtoto wa mwenyekiti alikuwa Nairobi na alikuwa amesikia kwamba huko ndiko kila kitu kinapatikana siku hizi.

Mwenyekiti aliitwa Mzee Arap Bii, mwalimu mkuu mstaafu, koti, tai, kofia, na fimbo ambayo hakuihitaji. Alikuja ofisini na watu wawili. Mmoja alikuwa bibi mwembamba aliyepanda ngazi zetu akiwa amebeba mgongoni msichana wa miaka kama minane, aliyefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Alimteremsha kwenye benchi, akakaa, akapumua. Msichana aliitwa Chepngetich. Nyayo zake zilitazamana, na alizificha chini ya sketi mara tu alipoona ninamtazama.

"Chamgei, Kogo," nikamsalimu bibi kwa lugha yetu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu.

"Chamgei mising, mtoto wangu. Huyu ni wa marehemu binti yangu." Aliongea polepole, akitabasamu, bila kulalamika. "Nilimbeba mama yake, sasa nambeba yeye. Daktari aliyeenda alisema miguu itanyooka, lakini akatazamwe kabla mifupa haijakomaa. Na anazidi kuwa mzito, nami nazidi kuwa mwepesi. Sasa mimi nauliza tu. Siku mgongo ukikataa, huyu atakaa wapi?"

Chepngetich alikuwa anasikiliza kila neno. Nilisingizia naenda kuleta chai, nikasimama kwenye ngazi nikalia. Sikuwa nimeshika ujauzito wakati ule, na sijui kama ni hilo lililoniuma au ni ule mkono wa bibi uliokuwa umeshika kiuno chake mwenyewe.

Mzee Arap Bii alikuwa ameandika maneno ya ukurasa kwa Kiingereza, kwa mkono wake mzuri wa kialimu. Yalianza kwa salamu za mwenyekiti. Zikafuata salamu za makamu wake, mweka hazina, mlezi wa kliniki, na wazee wote waliotoa shamba. Kisha msomaji akaarifiwa kwamba mvua ni nzuri, ng'ombe wanatoa maziwa, na chai ya Kapkatet ni ya kijani mwaka mzima, chai bora, chai ya vilima, karibuni katika nchi ya chai. Juu kabisa palikuwa na picha ya mwenyekiti, ameshika fimbo. Na chini, chini kabisa, mahali ambapo mgeni anakohoa kabla ya kuaga, palikuwa na mstari mmoja: Tungefurahi pia kupata daktari wa mifupa.

Msicheke. Huku kwetu mtu hasemi kilichomleta akiwa getini. Unasalimu, unauliza watu wa nyumbani, unauliza ng'ombe, unakunywa chai, halafu unapoinuka ndipo unasema, "Sasa kilichonileta ni hiki." Mwenye kutoa shida yake kwanza anaonekana hakulelewa. Hata mimi niliyapiga taipu maneno yale bila kuona tatizo. Yalinipendeza kabisa. Nyakundi ndiye aliyekunja uso.

"Mwambie basi," nilimwambia wageni walipoondoka.

"Mimi? Mkisii nimfundishe mzee wa Kipsigis kusalimu? Watanirudisha Kisii kwa miguu."

"Umeishi hapa tangu sijazaliwa."

"Mgeni ni mgeni," akasema, akarudi kwa printa yake.

Tukaupandisha ukurasa ulivyo. Tukaipelekea kila injini na kila orodha anwani yake, moja baada ya nyingine, asubuhi kwa asubuhi. Tukangoja. Wiki zikaenda. Kila siku ya soko Kogo alikuwa anashuka mjini kuuza mboga, na akimaliza anasimama mlangoni petu, Chepngetich mgongoni, haingii, ananitazama tu. Nilikuwa natikisa kichwa. Naye anasema, "Kongoi," anatushukuru, anashuka ngazi akishika ukuta. Jamani, kushukuriwa kwa kitu ambacho hujatoa ni kitu kigumu. Nilianza kuichukia siku ya soko.

Kisha imeili zikaanza kuja. Nilipoona ya kwanza nilipiga kelele. Nyakundi akaja mbio. Ilikuwa kutoka kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, akiuliza kliniki inaweza kumuuzia chai kiasi gani. Ya pili iliuliza kama tunafunga kwenye maboksi au magunia. Ya tatu ilitaka sampuli.

Tukaketi, tukajitafuta wenyewe kwa injini ileile. Tukaandika kwa Kiingereza chai, vilima, Kapkatet. Haiya! Tulikuwa wa kwanza kabisa, juu ya makampuni yenye majumba. Tukaandika watoto, miguu iliyopinda, Kenya. Tukafungua ukurasa wa kwanza wa matokeo, wa pili, wa tatu, tukaendelea kufungua mpaka mvua ikaanza na laini ikakata. Hatukuwepo.

"Tumefaulu, Rodah," Nyakundi akasema. "Tumefungua kliniki ya chai." Lakini hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa sweta yake muda mrefu. "Mficha uchi hazai. Kesho mwite mzee. Nitaongea mimi."

Mzee Arap Bii alikuja asubuhi, amevaa tai ya Jumapili. Nyakundi hakumhubiria. Alimpa kiti mbele ya kompyuta, akamwambia, "Mwenyekiti, leo wewe ndiwe daktari. Uko Ulaya, umechoka, una dakika chache kabla hujaitwa wodini. Fungua ukurasa wetu." Nikambofyia.

Sasa, picha za siku zile zilifika kwa vipande, kuanzia juu. Kwanza ikaja kofia. Tukangoja. Likaja paji la uso. Modemu ikapumua. Zikaja nyusi. Mzee alikaa wima mwanzoni, akiufurahia uso wake ukiingia. Kufikia pua alikuwa amevuka miguu. Kufikia tai alikuwa anatazama dirishani.

"Inachukua muda namna hii kila mara?" akauliza.

"Kila mara, mzee."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Chini. Baada ya ng'ombe."

Akainama kuitazama skrini. Nikamsomea zile imeili tatu za chai. Nikahofia tumemwaibisha mtu mzima. Kisha akaweka fimbo yake juu ya meza. "Hata mimi nimechoka kujingoja," akasema. "Nitoeni. Nitoeni mimi na hao wengine wote."

"Salamu pia, mwenyekiti?" Nyakundi akauliza, taratibu sana.

"Salamu ni za mtu anayekuja kwako kutembea." Alikuwa anaongea kama anajieleza mwenyewe. "Nyumba ikishika moto, Nyakundi, nyinyi Wakisii mnasalimu? Sisi hatusalimu. Mama anatoka nje anapiga nduru. Moto! Kwa fulani! Ng'ambo ya mto! Anayesikia anajua nini, kwa nani, na wapi, na anakimbia. Akishazima moto ndipo anapewa maziwa ya mursik, aulizwe habari za kwao." Alinigeukia. "Huyu mtoto ni moto. Andika nduru."

Mimi nikauliza kama tuweke picha ya miguu ya Chepngetich, ili daktari aone. Akanikatalia kwa sauti ya darasani. "Mtoto hapelekwi mnadani. Akitaka kuiona miguu, aje."

Tukaandika siku hiyohiyo. Kichwa cha ukurasa, kile kinachosomwa kwanza na kila injini, kikasema: Watoto wenye miguu iliyopinda tangu kuzaliwa wanahitaji daktari wa upasuaji, Kapkatet, Kenya. Chini yake, umri wa watoto, kilichokwisha kufanywa na sista, hospitali iliyo tayari kutuazima chumba cha upasuaji, na simu. Nyakundi alinifanya niandike jina la ugonjwa kama wanavyoliandika madaktari na pia kama mama wa kawaida angeliandika, kwa sababu, alisema, hujui ni nani atakayepiga simu. Chai tuliifuta yote. Iliniuma kidogo, ilikuwa imeandikwa vizuri.

Halafu akafanya jambo ambalo nyinyi mnalifanya leo mkidhani mmelianzisha. Aliwaandikia wenye kurasa za vyuo vya udaktari na makanisa, mmoja mmoja, kila mmoja barua yake, akiwaomba watutaje kwenye kurasa zao. "Kule kwa simu," aliniambia, "mtu akitajwa na majirani, hata opereta mgeni atampata." Wengi hawakujibu. Wachache walitutaja. Tukawa tunapanda. Kila asubuhi nikifika, kabla ya kuvua koti, niliandika maneno yaleyale na kututafuta. Siku moja tukaonekana mwishoni mwa matokeo. Baadaye katikati. Asubuhi moja nilifungua tu ukurasa wa kwanza na tupo hapo, kichwa chetu chote, nduru yetu nzima. Nyakundi alisimama akaenda dirishani akakaa huko. Nilijua analia, nikajifanya nina karatasi imekwama kwenye printa.

Lakini kuonekana si kupata, hilo mlishike. Siku ya soko iliyofuata Kogo alisimama mlangoni na nikatikisa kichwa vilevile. Na iliyofuata. Safari hiyo hakuweza kushuka ngazi mara moja. Alimteremsha mtoto, wakakaa wote wawili kwenye ngazi ya juu, na Chepngetich alikuwa anamkanda mgongo kwa vidole vyake vidogo.

Imeili ya daktari ilikuja mvua ikiwa tayari inanyesha, na ndiyo maana iliingia nusu kwanza. Mwanamke, wa nchi ya mbali ya baridi. Hakuandika habari zenu. Hakuandika hamjambo. Aliandika: Mtoto mkubwa ana umri gani? Anaweza kusimama? Nina likizo, naweza kuja. Nilimpigia Mzee Arap Bii simu, nikamsomea. Kutoka upande wa pili nikasikia, "Huyo naye amelelewa vizuri."

Alikuja, mwembamba, mkimya, amebeba vyombo vyake kwenye sanduku ambalo hakumruhusu mtu kulishika. Alimpasua Chepngetich na watoto wengine wa kliniki ile. Plasta zilikaa, zikabadilishwa, zikakaa tena. Daktari alirudi kwao, sista akaendelea. Kogo hakuja tena mlangoni petu, na siku za soko zikanipita nikimkosa.

Plasta za mwisho zilipotolewa, na mtoto amekwisha kufunzwa kutembea uani kwa kliniki akishika ukuta, Nyakundi nami tulipanda Kapkatet siku ya kuruhusiwa kwake. Tulisema tunaenda kupata maneno mapya ya ukurasa. Uongo mtupu, tulitaka kuona. Sista alimvisha viatu vya ngozi vya kufunga kamba, akamwagia Kogo maagizo mengi, na Kogo akaitikia kila agizo. Wakaagana. Kogo akatoka mlangoni, akafika penye ngazi, na kama alivyofanya kila siku ya maisha ya yule mtoto, akampa mtoto mgongo, akainama, akatandaza leso nyuma, akangoja uzito.

Chepngetich alimpita. Alishuka ngazi ya kwanza kwa mguu mmoja, akaleta wa pili, akashuka nyingine. Alivuka uani polepole, akiyumba, akitazama viatu vyake. Mzee Arap Bii alikuwa amevua kofia.

Kogo alibaki ameinama, leso mikononi, akingoja. Mpaka mtoto alipofika getini, akageuka, akaita kwa sauti, "Kogo, njoo basi! Mbona unachelewa?"

Bibi aliinuka taratibu. Alisimama wima, wima kabisa, na sote tukaona kumbe alikuwa mwanamke mrefu.